Acheni kuanza na nguruwe: dhana potofu kuhusu uasi wa India wa 1857

Juma lililopita nimesahihisha insha 34 za mwaka wa pili kuhusu uasi wa India. Insha 29 zimeanza na nguruwe. Nafundisha historia ya Asia mwaka wa 16 sasa, na huyo nguruwe nimeshamchoka.

Dhana: Askari waliasi kwa sababu risasi zilipakwa mafuta ya nguruwe na ng'ombe.

Kisa chenyewe mnakijua. Bunduki mpya ya Enfield ilikuwa ya kushindilia, kama gobori. Risasi na baruti vilifungwa pamoja kwenye karatasi iliyopakwa mafuta. Askari anang'ata ncha ya karatasi, anamimina baruti mtutuni, anasukumiza risasi kwa mdeki. Januari 1857, huko Dum Dum karibu na Calcutta, ukazuka uvumi kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe, Mhindu na Mwislamu kila mmoja akapata la kumchukiza. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni kwamba mnaishia hapo. Kabla Januari haijaisha, Kampuni (ile ya Kiingereza ya India Mashariki, iliyotawala India na kuwaajiri askari hao) iliagiza risasi zitolewe bila mafuta, askari wapake wenyewe watakayo. Baadaye wakaruhusiwa kuchana karatasi kwa mkono. Kama shida ilikuwa mafuta, si ingekwisha? Februari, huko Berhampur, kikosi cha 19 kikaanza kuitilia shaka karatasi yenyewe, eti inang'aa mno. Askari aliyefika mahali pa kuogopa karatasi ameacha kumwamini mwajiri wake siku nyingi.

Na Meerut je, kambi ya jeshi karibu na Delhi ambako uasi uliwaka? Aprili 24, askari wa farasi 85 kati ya 90 walikataa risasi, na zile walizopewa zilikuwa za aina ya zamani waliyoizoea. Wakahukumiwa miaka 10 na kazi ngumu. Mei 9 wakavuliwa sare na kutiwa pingu za miguu mbele ya gwaride zima. Kesho yake jioni wenzao wakavunja gereza, wakaelekea Delhi usiku huohuo.

Nendeni kwenye mshahara. Hili nawaambia kila mwaka na sitaacha: askari akiasi popote duniani, kabla hujasoma hotuba ya mtu yeyote, tafuta alikuwa analipwa kiasi gani na aliongezwa lini. Hata askari wa Kisudani walioasi Uganda mwaka 1897 walikuwa na kilio hichohicho: ujira mdogo, unachelewa, na safari haziishi.

Askari wa miguu wa Kampuni alilipwa rupia 7 kwa mwezi, na kiasi hicho kilikuwa hakijaguswa kwa zaidi ya nusu karne. Humohumo anakula na kutuma nyumbani. Kilichomsaidia kupumua ni batta, posho ya kupigana nje ya mipaka. Kampuni ikateka Sindh mwaka 1843 na Punjab mwaka 1849, kisha ikasema: sasa hapa si nje tena, posho hakuna. Yaani askari ameshinda vita, na ushindi wake mwenyewe ndio umempunguzia kipato. Kikosi cha 66 kiligoma Govindgarh kwa ajili hiyo, kikavunjwa mwaka 1850 na nafasi yake wakapewa Magurkha, askari wa kutoka Nepal. Ni miaka 7 kabla ya Meerut, na nguruwe simwoni.

Cheo nacho kilikuwa na dari. Subedari (ofisa wa Kihindi) mwenye mvi, aliyepanda kwa kuhesabu miaka, alikuwa chini ya kijana wa Kiingereza aliyeshuka melini juzi. Halafu Julai 1856 ikaja sheria kwamba kila anayeandikishwa upya katika jeshi la Bengal (Kampuni ilikuwa na majeshi matatu: Bengal, Madras na Bombay) akubali kupelekwa ng'ambo. Kwa Mhindu wa tabaka la juu, kuvuka bahari ni kupoteza tabaka, na kupoteza tabaka si suala la ibada peke yake: ni nani atakula nawe, ni nani atamwoa binti yako. Mafuta ya risasi yaliangukia kwenye kidonda hicho. Mtu akiniandikia hivyo, nguruwe wake nampa alama zote.

Mwaka huohuo wa 1856, Februari, Kampuni ilimng'oa Wajid Ali Shah, mfalme wa Awadh, dola ya kaskazini mwa India. Askari wengi wa jeshi la Bengal walikuwa watoto wa vijiji vya Awadh. Zamani, askari mwenye kesi ya shamba aliipeleka kwa mwakilishi wa Kampuni pale Lucknow, mji mkuu wa Awadh, naye akambana mfalme. Mfalme alipoondoka, upendeleo huo ukaondoka naye. Ukaja mpango mpya wa kodi ya ardhi: makabaila waliokuwa na asilimia 67 ya vijiji wakabaki na 38. Msidhani mkulima alipata nafuu. Mahali pengi kodi ilipanda, na mavuno yakiwa mabaya hakuwapo tena kabaila wa kumsubiri. Waasi walipoingia mijini walichoma kumbukumbu za kodi na madaftari ya wakopeshaji. Jiulizeni kwa nini madaftari.

Kuna tangazo la waasi, la Azamgarh, Agosti 1857. Utangulizi wake unataja dini, sikatai. Lakini ukifika kwenye malalamiko, wa kwanza ni wenye ardhi na kodi zao, kisha wafanyabiashara walionyang'anywa biashara ya nili na nguo, kisha watumishi wa serikali na jeshi (wanalalamika hata kuwa subedari, baada ya kumaliza ujana wake kazini, anapata rupia 60 au 70), kisha wafumaji, maseremala na wahunzi walioachishwa kazi na bidhaa za Uingereza. Wanazuoni wa dini ni kundi la tano, la mwisho.

Dhana: Mangal Pandey ndiye aliyeanzisha vita. Askari huyu alimshambulia ofisa wake huko Barrackpore, karibu na Calcutta, Machi 29 na kunyongwa Aprili 8. Meerut iliwaka mwezi mmoja baadaye, kwa watu wengine na kwa kisa kingine.

Dhana: Awadh ilichukuliwa kwa kukosa mrithi. Waliokosa mrithi ni watawala wa Satara, Jhansi na Nagpur. Wajid Ali Shah alikuwa na watoto tele. Kisingizio kilikuwa utawala mbovu.

Dhana: India nzima iliinuka dhidi ya serikali ya Malkia. Makosa mawili katika sentensi moja. Aliyetawala ni Kampuni, hadi mwaka 1858. Na majeshi ya Madras na Bombay kwa sehemu kubwa yalitulia, huku Masingasinga wa Punjab na Magurkha wakisaidia kuirudisha Delhi mikononi mwa Waingereza, Septemba 1857.

Dhana: Baada ya uasi, Uingereza ilisikia kilio cha askari. Ilisikia cha makabaila, ikawarudishia ardhi. Askari wa Kihindi iliwanyang'anya karibu mizinga yote, na ikaongeza Wazungu jeshini: katika Bengal, mmoja kwa Wahindi wawili. Zile rupia 7 zikabaki 7 hadi mwaka 1895, zilipopandishwa kuwa 9.