Kamera ya Kwanza ya DSLR: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

Ukikaa Nyerere Square hapa Dodoma jioni na DSLR shingoni, yaani kamera ya kubadilisha lenzi yenye kioo cha ndani, swali la kwanza utakaloulizwa halibadiliki: "Dada, hiyo ina megapikseli ngapi?" Sijawahi kusikia mtu akianza kwa kuulizia lenzi. Ndiyo maana vijana wengi wenye hamu ya kweli ya kupiga picha humalizia akiba yote kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na miezi sita baadaye kamera iko kabatini. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi kosa halikuwa lao. Siku ya kununua waliambiwa mambo yasiyo sahihi.

"Megapikseli zikiwa nyingi, picha inakuwa nzuri"

Canon EOS 4000D ina megapikseli 18, yaani vidoti milioni 18 vinavyounda picha. Canon EOS 2000D na Nikon D3500 zina 24. Kuchapisha picha ya ukubwa wa A4 kwa ubora wa vidoti 300 kwa inchi kunahitaji kama megapikseli 9 tu. Picha ya megapikseli 24 inachapishika hadi karibu sentimita 50 kwa 34 kwa ubora huohuo, na wengi wetu picha zetu zinaishia WhatsApp, ambako hupunguzwa kabla hazijafika.

Kinachoitofautisha DSLR na simu ni ukubwa wa sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa ya kamera hizi za kuanzia ina upana wa milimita 22 hadi 24 na kimo cha kama milimita 15, mara kadhaa ya eneo la sensa ya simu, kwa hiyo inakusanya mwanga mwingi zaidi. Simu nyingi zinazojinadi kwa megapikseli 108 huunganisha vidoti tisa kuwa kimoja na kukupa picha ya 12.

Ukiniuliza kati ya 4000D na 2000D, nitakwambia chukua 2000D, lakini si kwa ajili ya zile megapikseli sita za ziada. Pete ya kufungia lenzi kwenye 2000D ni ya chuma, kwenye 4000D ni ya plastiki. Tena 2000D ina kigurudumu cha kurekebisha dirisha la kutazamia lilingane na macho yako, na 4000D haina. Kwa anayevaa miwani, hilo peke yake linatosha kuamua.

"Ile lenzi inayokuja na kamera ni ya kutupa"

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi zaidi. Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na bodi inadharauliwa bure. Mchana wa Dodoma tuna jua la kumwaga. Ukiweka ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 100 na tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi), shata, yaani pazia la kamera, inaweza kwenda kwa 1/400 ya sekunde bila shida, na kwenye f/8 lenzi hiyo hutoa picha kali kabisa. Mibuyu ya njia ya kwenda Bahi, mashamba ya mizabibu ya Hombolo, mawe makubwa yanayozunguka mji, vyote nimevipiga kwa lenzi hiyo, na picha zake nimezitundika ukutani kwangu.

Jua likizama ndipo inaposhindwa. Ukiivuta hadi 55mm, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa Canon na kwa Nikon, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ukienda kwenye sherehe ya Kigogo usiku, ngoma zinalia na taa ni balbu moja tu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi na nyuso za watu au na vivuli. Kwa hiyo mwenye akiba yenye mpaka achukue bodi ya kuanzia kama 2000D na abakishe pesa ya lenzi hii, badala ya kupanda ngazi moja ya bodi.

Kumbuka tu kwamba kwenye sensa hizi, ambazo ni ndogo kuliko fremu ya filamu, 50mm huona kwa wembamba kama 75mm au 80mm ilivyokuwa kwenye filamu. Ni nzuri kwa sura ya mtu, lakini sebuleni utajikuta mgongo umegusa ukuta. Kwa ndani, wa Nikon atafute 35mm f/1.8 ya DX (lenzi za Nikon za sensa hizi ndogo), wa Canon 24mm f/2.8.

Na usiogope kupandisha ISO. Tumefundishana kwamba ISO 1600 au 3200 inaharibu picha, hivyo mtu anang'ang'ania 400, shata inashuka hadi 1/20, na mcheza ngoma anatoka kama moshi. Chenga za ISO zinapunguzwa na programu baadaye. Picha iliyotikisika hairudi.

"Nikon ni Nikon, lenzi yoyote inaingia"

Kuingia inaingia. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa D3200, na niliambiwa maneno hayohayo na aliyeniuzia lenzi ya zamani ya 50mm aina ya AF-D. Ilifunga vizuri, ikapima mwanga, ila haikutafuta fokasi kamwe. Sababu ni kwamba bodi za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake. Zinategemea mota iliyomo kwenye lenzi, yaani zile zilizoandikwa AF-S. Zilizoandikwa AF-P zinakwenda na bodi mpya zaidi kama D3500, lakini si D3100. Kwa Canon hali ni rahisi, maana lenzi za EF na EF-S zote hufanya kazi kwenye bodi za kuanzia.

Kuhusu lipi bora kati ya Canon na Nikon, sina cha kubishana. Nunua ile ambayo ndugu au jirani yako anayo, ili muazimane lenzi.

"DSLR zimekufa, usinunue"

Ni kweli kwamba tangu 2018 Canon na Nikon zimehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na usitegemee DSLR mpya nyingi. Lakini kwa anayejifunza, hilo limeleta neema: watu wanahama, na vifaa vyao vizuri vinauzwa. Lenzi za EF ukizinunua leo utazitumia kesho kwenye kamera mpya za Canon kwa adapta. Halafu kuna betri. D3500 imepimwa kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, jambo la kushukuru ukiwa Kolo, Kondoa, siku nzima kwenye michoro ya miambani, mbali na soketi.

"Iliyotumika ni hatari"

Hatari ni kununua bila kukagua. Uliza imepiga picha ngapi, maana shata za bodi za Nikon za daraja hili zimejaribiwa kwa mizunguko 100,000. Piga picha ya anga kwa f/16 na uikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, na hilo husafishika. Kisha ondoa lenzi, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Kuwa makini zaidi na lenzi zilizokaa Pwani, kwani unyevu wa kule ndio unaoiotesha.

Sisi wa Dodoma adui yetu ni vumbi. Bodi hizi hazina mipira ya kulizuia, hata muuzaji akiapa. Ukibadilisha lenzi, upe upepo mgongo, zima kamera, elekeza mdomo wa bodi chini, na lenzi ya pili iwe mkononi tayari. Usipulize kwa mdomo, mate yanafika kwenye kioo. Tumia kipulizi cha mpira. Miezi ya upepo, kuanzia Julai, mimi hubadilishia lenzi ndani ya gari vioo vikiwa vimepandishwa.