Waya wa uani: kwa nini intaneti ya laini ya simu huchoka jua likizama

"Mwanangu, mchana intaneti yangu ni nzima. Ikifika magharibi inakata. Na simu ya dukani ikiita tu, inazimika kabisa."

Hayo aliniambia mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Chumbageni, Tanga. Alikuwa ameshauriwa anunue ruta mpya. Akanunua, hali ikabaki ileile. Nilipomaliza kumsikiliza nilijua kwamba ruta ya zamani haikuwa na kosa, kwa sababu maelezo yake yalibeba dalili mbili ambazo mtu aliyeshughulika na waya wa shaba hazimpiti: magharibi, na mlio wa simu.

Jozi ile ya waya inayotoka kwenye nguzo hadi ukutani ilivutwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Mazungumzo ya simu yanatumia masafa ya chini, takriban hezi 300 hadi 3,400, basi. Intaneti ya ADSL ikaja kupanda juu ya waya uleule: inaanzia karibu kilohezi 26 na kufika megahezi 1.1, na ADSL2+ inakwenda hadi megahezi 2.2. Uwanja huo mpana modemu, sehemu ya ruta inayozungumza na laini, inaukata vijia vyembamba, 512 kwa ADSL2+, kila kimoja na upana wa kilohezi 4.3. Inapowaka hukagua kijia kimoja kimoja. Kilicho safi kinabebeshwa mzigo mkubwa, chenye kelele kinabebeshwa kidogo, na kilichoharibika kinaachwa kitupu. Kwa hiyo laini ikiwa na spidi ndogo, mimi huuliza: ni vijia vipi vimepotea, na nani amevichukua?

Nilifungua ukurasa wa ruta kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kompyuta yake, nikaenda sehemu ya hali ya laini. Hapo natazama namba tatu kabla ya kugusa kitu chochote. Ya kwanza ni spidi ambayo modemu na mtambo wa kituo cha simu wamekubaliana. Kwake ilikuwa kilobiti 1,900 kwa sekunde, na kifurushi alicholipia ni cha megabiti 6. Ya pili ni atenuesheni, yaani nguvu inayopotea njiani, ambayo ilisoma desibeli 31. Kwa waya wa kawaida wa mtaani, kila kilomita hula desibeli 14 hivi, kwa hiyo nyumba ile iko kilomita mbili na kidogo kutoka kwenye mtambo. Waya mzima wa urefu huo hauna sababu ya kushindwa na megabiti 6. Ingesoma 60, ningemwambia ukweli pale pale kwamba asitumie hela yake ndani ya nyumba, maana umbali haurekebishwi kwa bisibisi.

Namba ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na watu wengi hawaiangalii. Huandikwa SNR margin, au SNR tu. Ni akiba inayobaki juu ya kile ambacho spidi hiyo inahitaji ili mawimbi yako yaishinde kelele. Mitambo mingi hulenga kubakiza desibeli 6. Kwake, saa kumi alasiri, ilikuwa 4. Laini inayoishi na akiba ya 4 mchana haiwezi kuuona usiku salama.

Nikachomoa kila kitu: simu ya sebuleni, simu ya dukani, hata king'amuzi kilichokuwa kimeunganishwa kwenye laini. Nikabeba ruta hadi kwenye soketi ya kwanza, pale waya unapoingilia nyumba, nikauchomeka waya mfupi moja kwa moja. Spidi ikapanda hadi kilobiti 4,300. Jaribio hili kila mtu anaweza kulifanya bila fundi, na kama ungeniruhusu nikufundishe kitu kimoja tu, ningechagua hili. Spidi ikipanda ukiwa kwenye soketi ya kwanza, ugonjwa uko ndani ya nyumba yako. Isipobadilika, tatizo liko nje, na sasa una namba za kumwonyesha mtoa huduma badala ya kumwambia tu kwamba "neti iko slow".

Tukaufuata waya. Kutoka sebuleni ulipita juu ya dari, ukashuka uani, ukaambaa na ukuta hadi kibanda cha duka mbele ya barabara. Karibu mita 40 za waya bapa usiosokotwa. Marehemu mumewe aliuvuta mwenyewe ili asikie simu akiwa dukani. Kwa simu ulikuwa waya mzuri. Kwa intaneti ulikuwa na madhara matatu kwa mpigo.

Kwanza, simu iliyo mwishoni mwake haikuwa na splita. Splita ni kile kisanduku kidogo kinachotenga sauti na intaneti, na kila simu kwenye laini lazima iwe nyuma yake. Simu isiyo nayo, ikiita au ikiinuliwa, hubadilisha hali ya umeme ya laini nzima ghafla, na modemu inapoteza mwenzake wa upande wa pili. Hiyo ndiyo siri ya mlio wa dukani.

Pili, waya huo ni tawi. Mawimbi yanapofika kwenye njia panda, sehemu yake hukimbilia uani, hugonga mwisho wa waya, hurudi, na kukutana na mawimbi mapya yakiwa yamechelewa. Kuna masafa ambayo mawili hayo yanauana. Tawi la mita 40 hufuta vijia vinavyozunguka megahezi 1.2, katikati kabisa ya uwanja wa ADSL2+. Na tawi halihitaji kuwa na simu ili lidhuru. Waya uliokatwa ukaachwa unaning'inia nyuma ya kabati unaleta madhara yaleyale.

Tatu, na hapa ndipo magharibi inapoingia. Waya wenye nyuzi zilizosokotwa hujikinga, kwa kuwa kelele inayoingia uzi mmoja inaingia na mwingine kwa usawa, kisha zinafutana. Waya bapa hauna kinga hiyo, ni antena tu. Redio za mawimbi ya kati hutangaza kati ya kilohezi 530 na 1,600 hivi, humohumo ADSL inamopita. Mchana, tabaka la chini la anga ya juu linalochochewa na jua hunyonya mawimbi hayo, na redio za mbali hazitufikii. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na stesheni za mamia ya kilomita zinaingia. Wazee waliokuwa wakisikiliza idhaa za mbali usiku wanalijua jambo hili vizuri. Ongezea adapta na taa za bei nafuu zinazowashwa saa hiyohiyo, akiba ya desibeli 4 inaisha.

Bado tulikuwa hatujafika kilobiti 6,000, yaani megabiti 6 alizolipia. Nikainua simu, nikabonyeza namba moja ili mlio uondoke, nikasikiliza. Laini isiyo na kasoro huwa kimya. Hii ilikuwa na mchakacho kama mafuta yanayochemka. Nikamuuliza, "Mama, ukiwa unaongea na simu, intaneti huwa afadhali?" Akashangaa nimejuaje. Maungio yaliyoota kutu hupitisha vibaya mawimbi madogo, lakini mkondo wa simu ukipita huyaamsha kwa muda. Kisanduku cha maungio chini ya paa kilikuwa kijani kitupu ndani. Hewa ya bahari ina chumvi, na masika humalizia kazi. Nikakata ncha, nikafunga viunganishi vipya vyenye jeli, nikakigeuza kisanduku mdomo wake uangalie chini.

Sio kila kesi iko kwenye waya, na hili nalisema kwa haraka. Namba za laini zikiwa nzuri lakini kurasa zinavuta, chomeka kompyuta kwa waya wa LAN kwanza, pengine ni Wi-Fi. Angalia pia simu za wajukuu zinazopakia picha usiku: njia ya kupakia ya ADSL ni nyembamba, ikijaa hata kupakua kunakwama. Na kama mtaa mzima unalia siku moja, huenda kosa liko baharini, kama Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na Durban, Afrika Kusini.

Kwa mama, duka halikupoteza simu. Niliweka splita moja pale laini inapoingia: upande wa intaneti ukaenda kwa ruta peke yake, na upande wa sauti ukaenda dukani kwa waya mpya uliosokotwa. Modemu ikakubaliana kilobiti 6,144. Nikamweleza kwamba akipakua faili ataona kama 5,200, kwa kuwa vifungashio vya data navyo hula njia, na kompyuta ikihesabu kwa kilobaiti itaonyesha karibu 650. Sio wizi.

Ruta niliiwasha upya baada ya giza kuingia, kwa makusudi. Modemu hupanga mzigo wake kulingana na kelele ya wakati inapowaka. Ikiwaka mchana wa utulivu hujitwisha mzigo ambao usiku itauangusha.

Adhana ya isha ikasikika tukiwa bado tunatazama ukurasa. Nilipompigia simu ya dukani kwa simu yangu ya mkononi ikaita mara sita, yeye akihesabu kwa vidole. SNR ilishuka kutoka 11 hadi 9, ikakaa hapo.