Swichi ikitupa pakiti haijaharibika: dhana potofu kuhusu msongamano ndani ya chipu

Fundi anafungua takwimu za poti (tundu la kebo) ya swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja, anakuta hesabu ya pakiti, yaani vipande vya data, zilizotupwa inapanda kila dakika, anatoa hukumu: swichi hii imekwisha. Inanunuliwa nyingine, na wiki haiishi kabla namba zilezile hazijarudi. Ni pesa inayopotea bure kwa sababu ya dhana moja, basi tuanze na hiyo.

"Swichi nzima haitupi pakiti"

Inatupa, na ni sehemu ya kazi yake. Chukua swichi ya kawaida yenye poti za gigabiti 1. Kompyuta mbili zinapeleka data kwenye seva moja kwa wakati mmoja, kila moja kwa kasi yake yote. Zinaingia gigabiti 2 kwa sekunde, na poti ya seva inatoa 1 tu. Ile ya ziada haina pa kupitia. Chipu inachoweza ni kuiweka kwenye bafa, kumbukumbu ndogo iliyomo ndani yake, isubiri zamu. Bafa ya megabaiti 1 hapo inajaa ndani ya milisekunde 8, kabla hujafumba na kufumbua. Pakiti inayofika baadaye inakosa pa kukaa, inatupwa.

Kutupwa huko ndiyo habari ambayo mtumaji anaihitaji. TCP, itifaki inayobeba kurasa za wavuti na mafaili, ikigundua pakiti imepotea hupunguza mwendo, kisha huituma upya. Mnamo Oktoba 1986 ilionekana wazi mtandao unakuwaje pale ambapo watumaji hawajui kupunguza mwendo. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, umbali usiofika nusu kilomita, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikirudia kutuma pakiti zilezile kwenye njia iliyokwisha kujaa. Mwaka 1988 mtafiti Van Jacobson alichapisha kanuni za kudhibiti mwendo, na msingi wake bado umo ndani ya TCP tunayoitumia leo.

Kwa hiyo kabla ya kuilaumu swichi, angalia pakiti zinapotelea upande gani. Zikitupwa wakati wa kutoka, poti hiyo imeelemewa. Zikihesabiwa kama makosa ya CRC, yaani data imefika ikiwa imeharibika, wakati wa kuingia, shuku kebo au plagi yake. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kununua swichi nyingine ya aina ileile.

"Dawa ni bafa kubwa"

Bafa kubwa husaidia pale msongamano ni wa kupita tu. Mzigo ukizidi njia muda wote, kubwa nayo itajaa, na itakuongezea kero: kila pakiti itasubiri foleni ndefu zaidi. Ile megabaiti 1 iliyochukua milisekunde 8 kwenye gigabiti 1, iweke mbele ya njia ya megabiti 10 kwenda intaneti. Ikijaa, pakiti ya mwisho itasubiri milisekunde 800. Mazungumzo ya simu huanza kusumbua ucheleweshaji ukizidi milisekunde 150 hivi. Hakuna kilichotupwa, takwimu ziko safi kabisa, lakini watu kwenye simu wanakatana kauli.

Wanaotengeneza chipu za vituo vikubwa vya data wanalijua hili. Tomahawk ya Broadcom, iliyotangazwa mwaka 2014, hupitisha terabiti 3.2 kwa sekunde, na bafa yake ni megabaiti 16. Piga hesabu: hiyo ni data ya mikrosekunde 40 tu kwa mwendo kamili. Badala ya kurundika, chipu kama hiyo inaweza kutia alama kwenye pakiti foleni inapoanza kurefuka, njia iitwayo ECN. Mpokeaji akiiona alama humwarifu mtumaji, naye anapunguza mwendo kabla chochote hakijapotea. Sharti ni moja: kompyuta za pande zote mbili ziwe zimewashiwa ECN.

"Bafa imegawanywa sawa kwa kila poti"

Hapa ndipo ninapoona ubunifu mkubwa kuliko kwingine kote ndani ya chipu. Kugawa sawa kungekuwa ubadhirifu, kwa kuwa poti nyingi zinakuwa kimya wakati moja inazidiwa. Kuiacha bafa huria nako ni hatari, maana poti moja yenye tamaa ingeimeza yote.

Kanuni inayotumika sana ilitolewa na watafiti Abhijit Choudhury na Ellen Hahne katika miaka ya 1990, na ni fupi ajabu: foleni yoyote isizidi kiasi cha nafasi iliyobaki wazi, mara namba fulani iliyopangwa. Tuseme namba hiyo ni 1. Foleni ikiwa peke yake itakua mpaka urefu wake ulingane na nafasi iliyobaki, yaani nusu ya bafa, hapo inasimama. Ikizuka ya pili, nafasi wazi inapungua, na kikomo cha ile ya kwanza kinashuka chenyewe. Zitatulia kila moja kwenye theluthi, theluthi nyingine ikiwa wazi. Foleni tatu zitachukua robo robo.

Robo ile tupu wengine huiona hasara. Ndiyo inayoipokea poti ya nne itakapolipuka ghafla. Na hakuna aliyepitisha amri ya kugawa upya. Kila foleni imejipima kwa kuangalia nafasi iliyobaki.

"Grafu inaonyesha asilimia 20, kwa hiyo hakuna msongamano"

Grafu nyingi huchora wastani wa dakika 5. Poti iliyojaa pomoni sekunde 1 katika kila sekunde 5 itasomeka asilimia 20, na ndani ya sekunde ile pakiti zinaweza kutupwa kwa maelfu. Soma kaunta ya pakiti zilizotupwa. Wastani haukuambii foleni ilivyokuwa.

"Washa PAUSE, pakiti hazitapotea tena"

PAUSE ilisanifiwa mwaka 1997 katika kiwango cha Ethernet kiitwacho IEEE 802.3x. Swichi iliyozidiwa humwambia jirani wa upande wa pili wa kebo anyamaze. Shida ni kwamba jirani hunyamaza kwa kila kitu. Ikiwa jirani huyo ni swichi ya ghorofa ya chini, basi aliyekuwa akichapisha hati anasimamishwa kwa sababu ya mwenzake anayenakili mafaili kwenda seva iliyoelemewa. Swichi iliyonyamazishwa nayo itajaa, na ikiwashiwa PAUSE itamnyamazisha aliye nyuma yake. Baadaye ikaja PFC, aina ya PAUSE inayosimamisha daraja moja la kipaumbele kati ya 8 na kuyaacha mengine yapite. Inafaa kwenye mitandao ya hifadhi ya data iliyopangwa kwa uangalifu. Kwenye ofisi ya kawaida mimi ningeiacha PAUSE imezimwa.

"QoS inaongeza kasi"

QoS, yaani upangaji wa vipaumbele vya pakiti, haiongezi hata biti moja. Inaamua nani atangulie na nani asubiri. Lebo ya VLAN, inayotiwa kwenye pakiti kuonyesha ni ya kundi gani la mtandao, ina biti 3 za kipaumbele, ndiyo maana madaraja ni 8, na chipu huziweka pakiti kwenye foleni tofauti kulingana nayo. Sauti ya simu ikipewa daraja la juu hakuna anayeumia, kwa kuwa simu moja haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Lakini zipandishe kamera zote za CCTV kwenye daraja hilohilo, kwa utaratibu wa kumaliza kwanza daraja la juu, na video zao zikiijaza njia, foleni za chini hazitapata zamu kabisa.