Seneta akibwagwa, hajavuliwa useneta

Kila uchaguzi wa Marekani ukiisha, tunasikia kwamba seneta fulani kavuliwa useneta. Hakuvuliwa. Ameshindwa kutetea kiti: aligombea tena muhula wa miaka 6, mpinzani akamzidi kura katika jimbo zima. Jimbo hapa si lile la mbunge wa Tanzania. Ni Ohio yote au Montana yote, na kila moja ina maseneta wawili.

Maneno yenyewe yanajieleza. Kuvua ni kumtoa mtu alichokivaa, nguo au cheo, na kikishatoka kimetoka saa ile ile. Kubwaga ni kuangusha chini, kama mzigo au mtu katika mieleka, na aliyebwagwa huinuka na nguo zake mwilini. Kumvua seneta ni kazi ya Seneti yenyewe kwa theluthi mbili ya kura. Wapiga kura hawana njia hiyo. Wao humbwaga tu, naye hukaa kitini mpaka muhula wake uishe, saa 6 mchana, tarehe 3 Januari.

Sherrod Brown wa Ohio, Jon Tester wa Montana na Bob Casey wa Pennsylvania walibwagwa katika uchaguzi wa Novemba 5, 2024. Hadi Januari 3, 2025, kura ya kila mmoja wao Senetini ilikuwa na uzito ule ule wa siku zote.

Georgia ndiko mambo yalikopindana. David Perdue alikosa nusu ya kura Novemba 2020, duru ya pili ikapangwa Januari 5, 2021. Muhula wake ukaisha Januari 3, siku mbili kabla ya kura. Kwa hiyo siku aliyoshindwa na Jon Ossoff hakuwa seneta tena, na kiti kilikaa wazi hadi Ossoff alipoapishwa Januari 20.

Wala kushindwa kura za maoni za chama, au mchujo kama wasemavyo Kenya, si lazima kuwe kupoteza kiti. Lisa Murkowski wa Alaska alishindwa mchujo mwaka 2010, kisha Novemba wapiga kura wakaandika jina lake kwa mkono, akarudi Senetini.

Basi ukiandika habari za aliyebwagwa, na bado ni Desemba, mwite seneta. Anayengoja kuapishwa ni seneta mteule, kama tunavyosema rais mteule.