Faini kalipa nani? Wanahisa acheni kushangilia mapema

Juzi tena mteja kanipigia ana furaha kweli, kampuni yenye hisa zake imekubali kulipa faini sababu mabosi waliwadanganya wanahisa, ananambia "safari hii wameipata". Wameipata kina nani? Nimelisikia hili mara nyingi mno jamani, leo naliandika.

Hela ya kampuni ni hela yenu nyie wenye hisa. Faini ikitoka kwenye akaunti ya kampuni anayelipa ni wewe, gawio linapungua, bei ya hisa inashuka, na yule aliyepika namba bonasi yake keshaichukua kitambo. Yaani umedanganywa halafu unatozwa wewe. Angalia Wells Fargo, ile benki ya Marekani iliyofungulia wateja akaunti feki. Februari 2020 benki ilikubali kulipa dola bilioni 3. Bosi wake wa zamani, John Stumpf, mwezi mmoja kabla alikubali faini ya dola milioni 17.5 yeye binafsi na marufuku ya maisha kwenye kazi za benki, na kabla ya hapo bodi ilishamnyang'anya malipo ya kama dola milioni 69. Hayo mawili ya Stumpf ndo uwajibikaji, zile bilioni 3 zilitoka kwa wanahisa.

Kwa hiyo ukisikia kesi imemalizwa kwa makubaliano uliza kwanza, kalipa nani? Bosi mwenyewe, bima ya wakurugenzi (ile inayowalipia wakishtakiwa), au kampuni? Na hata hiyo bima kwa kawaida anayeilipia ni kampuni. Kwenye kesi ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika baada ya kupika mahesabu, wakurugenzi 10 walitoa dola milioni 13 mfukoni mwao, na hiyo ni kwa sababu waliosimamia kesi ya wanahisa walikomaa nao.

Njia nyingine ya kumbana bosi mwenyewe ni mwanahisa kushtaki kwa niaba ya kampuni. Tangu kesi ya Foss v Harbottle, Uingereza 1843, anayetakiwa kudai ni kampuni yenyewe, sasa kama wanaoiongoza ndo haohao walioiibia nani atawashtaki? Hapo ndo mahakama inamruhusu mwanahisa aingie. Wateja wananuna nikiwaambia hela ikipatikana inarudi kampuni sio kwao, lakini si ndo tunachotaka, itoke kwa mwizi irudi ilipoibwa! Kama ulinunua hisa kwa kuamini taarifa ya uongo hilo ni dai lako wewe, ni kesi tofauti, usizichanganye.

Mengine ninayoambiwa na wateja, haraka haraka. "Hisa imeporomoka, basi tumedanganywa." Hapana, bosi kukosea biashara sio kosa la kushtakiwa, onyesha alijua ukweli akasema uongo. "Mkaguzi kasaini." Arthur Andersen walisaini mahesabu ya Enron. "Hisa zangu chache." Kuna kesi za pamoja, na swali lako kwenye mkutano mkuu liandike, litume kabla, dai liingie kwenye muhtasari wa mkutano, mi hili nalirudia kwa kila mteja maana jibu la uongo lililoandikwa ni ushahidi.

Na "nitashtaki nikipata nafasi" ndo inaniuma zaidi. Marekani kesi ya udanganyifu wa hisa ni miaka 2 tangu ugundue na isizidi 5 tangu kosa lifanyike, halafu mtu ananiletea faili zuri kabisa, kila karatasi ipo, mwaka wa sita.