Mchanga, Hewa ya Tairi na Safu ya Kuanzia

Vijana wanaoniletea baiskeli hapa Kisauni, Mombasa, wakishatazama saiklokrosi kwenye simu, huniuliza mtu anaishije kwa kukimbiza baiskeli matopeni. Huwaeleza kwanza kalenda.

Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Februari, Ulaya ikiwa baridi, mwendeshaji hushindana saiklokrosi: mzunguko wa kilomita kama 3 wenye nyasi, tope, mchanga na ngazi, unaorudiwa kwa takriban saa moja. Pasipopitika hushuka, huitia baiskeli begani na kukimbia. Joto likirudi, anahamia baiskeli za milimani. Saiklokrosi haimo katika Olimpiki ya kiangazi. Baiskeli za milimani zimo tangu Atlanta 1996. Lakini fedha za majira ya baridi ziko Ubelgiji, ambako watazamaji hulipa kiingilio na mwenye jina hulipwa kwa kujitokeza tu.

Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa aliwahi, mwaka 2015, kushikilia kwa pamoja ubingwa wa dunia wa barabarani, saiklokrosi na milimani. Tom Pidcock wa Uingereza alitwaa saiklokrosi mwaka 2022, na katika mbio za milimani za Olimpiki ya Paris 2024 alipata pancha, akabadilishiwa gurudumu, akawafukuza wenzake hadi akampita Victor Koretzky mzunguko wa mwisho.

Mimi hupenda zaidi mchanga. Koksijde, pwani ya Ubelgiji, mbio hupita juu ya matuta ya mchanga, na katika ubingwa wa dunia wa 2012 uliofanyika pale Wabelgiji walishika nafasi saba za kwanza. Wanaujua mchanga wao. Sheria inaruhusu tairi la upana usiozidi milimita 33, kwa hiyo kazi yote iko kwenye hewa. Tairi lililojaa likawa gumu hukata mchanga na kuzama. Likipunguzwa hewa, mara nyingi chini ya PSI 25 kwenye kipimo cha pampu, hutanuka na kuelea. Ukizidisha kupunguza, rimu hugonga jiwe au mzizi. Ndiyo maana fundi hungoja kando ya njia na baiskeli ya pili, na huosha ya kwanza kabla mwenyewe hajarudi.

Mchangani ingia kwa kasi, uzito nyuma, mikono ilegee. Gurudumu la mbele likiyumba usishindane na usukani. Endelea kukanyaga, baiskeli itajinyoosha.

Sisi shule hiyo tunayo. Maji yakipwa Nyali au Shanzu, hasa wakati wa bamvua, karibu na maji kuna mchanga mgumu na juu yake ule laini. Pita kutoka mmoja kwenda mwingine bila kushuka. Ukimaliza osha mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushe, utie mafuta siku hiyo hiyo. Chumvi haingoji kesho. Ya kupanda milima, nendeni Kwale, barabara za Shimba Hills.

Kinachowakwamisha waendeshaji wetu zaidi ni safu ya kuanzia. Waendeshaji hupangwa kwa pointi za shirikisho la kimataifa, UCI. Asiye na pointi huanza nyuma kabisa, na njia ikibana kona ya kwanza, walio mbele wameshaondoka. Kwa hiyo nawashauri waanzie milimani: ubingwa wa Afrika wa baiskeli za milimani hutoa pointi za UCI za mchezo huo, na kuufikia hakuhitaji viza ya Ulaya.