"Fizikia ni ya vipanga" na mengine wanayoambiwa wanafunzi wetu

Kila mwaka, wanafunzi wakikaribia kuingia kidato cha tatu, nasikia yaleyale: fizikia na kemia ni za vipanga, sisi wengine tuziache mapema. Mtoto wa miaka 15 anajifungia mlango wa uhandisi, udaktari na ufamasia kabla hata hajaizoea bureti ya maabara. Inaniuma.

Ni za vipanga? Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yachemshwe, yatiwe sukari, yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Siku moja nafasi ikawa ya kugombania, akayaingiza yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yameganda. Ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, bado uji mzito. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga akamwambia kwao ndiyo kawaida, huweka ya moto igande upesi. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza jambo hilohilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri aliyewatembelea kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kupima, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya "athari ya Mpemba", yaani cha moto kuganda kabla ya cha baridi, na yote yalianzia kwenye maziwa na swali ambalo kijana alikataa kulimeza.

Hisabati haiwafai wasichana? Profesa Verdiana Masanja ndiye mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati, na alibobea katika hesabu za mwendo wa vimiminika.

Eti bila PCM (fizikia, kemia na hisabati) huwi injinia. Wapo waliotoka kidato cha nne wakaenda Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha, wakasoma stashahada, wakawa mafundi sanifu, kisha wakaunga digrii.

"Shule yetu haina maabara." Hapa sibishi, upungufu upo na unaumiza. Lakini, mzazi, usisubiri. Chemsha choya (rozela), gawa vikombe viwili. Kimoja kamulia ndimu, wekundu utakolea. Kingine tia maji ya majivu yaliyochujwa, kitageukia ukijani. Hizo ndizo asidi na besi, mezani kwako. Ila kabla hujamimina majivu, mwulize mwanao kwanza: unadhani itatoka rangi gani, na kwa nini?